Mkebe Haurudi Mtupu

Ndugu zangu, niliondoka Githongo asubuhi moja bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimekaa kwa shangazi yangu msimu wote wa kuchuma kahawa. Kahawa ilipoisha nilimsaidia kupogoa miti, na siku hiyo nikaamka, nikaona ukungu ukipanda kutoka bondeni, nikajua tu kwamba jioni haitanikuta pale. Nikafunga mfuko wangu. Shangazi alikuwa anakamua ng'ombe. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia, "Mbele." Akaniuliza kama huko mbele kuna chakula. Nikasema nikifika nitampigia simu. Aliinuka, akanitilia viganja viwili vya njugu za makadamia kwenye mfuko wa koti, akarudi kwa ng'ombe wake.

Ninyi mlionijua kwa siku hizi chache mmeshaona kwamba mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu mashine ya kuchimba kisima ilipita barabarani wakati wa mapumziko, nami nikataka kuona maji yanatokea wapi. Nikaifuata. Maji niliyaona, shule sikurudi. Tangu hapo nimefuata malori ya ndizi, nimefuata mafundi wa nguzo za stima, nimefuata hata mtu aliyekuwa anapeleka mizinga Mbeere, ili nijue tu nyuki wanasafiri vipi. Wanasafiri kwa hasira. Kila nilipofika, mwenye nyumba aliniuliza swali moja: "Unakaa siku ngapi?" Nami jibu langu lilikuwa moja: "Mbili, tatu."

Asubuhi hiyo nilikuwa nakohoa. Nilikuwa nimekohoa tangu baridi ianze, nikasema ni ukungu, halafu nikasema ni moshi wa jikoni, halafu nikaacha kusema. Mtu anayehamahama ana faida moja mbaya: hakuna anayekaa naye muda wa kutosha kugundua kwamba kikohozi chake hakiishi.

Nilipata lifti kwenye pikapu ya kabichi iliyokuwa inaenda Meru mjini. Makubaliano yalikuwa nisaidie kushusha mzigo sokoni. Nilibeba gunia moja, la pili miguu ikakataa. Dereva alicheka, akasema mwanamume mzima ameangushwa na mboga. Sikumjibu kwa sababu sikuwa na pumzi ya kumjibia. Mvua ilianza. Nyuma ya soko kuna nyumba za kaunti, zile za ghorofa zilizojengwa zamani, kuta zimeliwa na maji, nguo zimeanikwa kila dirisha. Niliingia kwenye ngazi ya jengo la kwanza, nikakaa.

Ilikuwa Jumamosi. Nikiwa pale niliona watu wakija na fagio, ndoo na jembe. Nilidhani ni wafanyakazi wa kaunti. Mmoja aliniambia niinue miguu afagie. Nikainua. Walifagia ngazi yote, wakazibua mtaro uliokuwa unamwaga maji machafu mlangoni, na walipomaliza ndipo wakaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba na kusalimia watu. Mimi kwa kawaida yangu niliuliza hii ni kazi gani. Ndugu aliyekuwa anawaongoza, kijana mwenye sauti nzuri na mabuti yenye matope, akanieleza. Walikuwa watu wa kanisa moja la mjini. Walipoanza kuja mtaani pale walikuja na Biblia peke yake, na wakaazi wakawaambia waziwazi: mnatuletea neno wakati maji ya choo yanapita mlangoni? Wakaenda nyumbani, wakafikiri, wakarudi na majembe. Tangu hapo kanuni yao ikawa fagio kwanza, neno baadaye.

Kati yao alikuwepo mama mmoja ambaye hakutoka nje ya mtaa. Yeye aliishi palepale, ghorofa ya pili, akiuza nguo za mitumba sokoni. Jina lake silitaji, na wala yeye asingependa. Alinisikia nikikohoa, akapanda kwake, akashuka na uji wa wimbi ndani ya mkebe wa plastiki, ule wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko na mshikio wa waya. Nikanywa. Nilipomrudishia aliutikisa kidogo, akaniangalia.

"Kwetu chombo hakirudi kitupu," akasema.

Hata kwetu ni hivyo, nanyi hapa Kanja mnajua ni hivyo. Jirani akikutumia maharagwe kwenye kikapu, kikapu hakirudi hivi hivi, hata kama ni ndizi moja utatia. Lakini nilikuwa mtu wa kukaa kwenye ngazi, sikutarajia mtu anidai heshima. Nikaingiza mkono kwenye koti, nikatia makadamia ndani ya mkebe. Akacheka. Akasema, "Kumbe una watu." Nadhani ni kwa sababu hiyo alienda kumwomba mlinzi wa jengo anipe kile chumba kidogo cha chini walichokuwa wanawekea fagio. Mlinzi akaniuliza nakaa siku ngapi. Nikamwambia mbili, tatu.

Siku iliyofuata, nilipokuwa naosha uso kwenye bomba la nje, nilikohoa na karai likawa na damu. Mama yule alikuwa anateka maji. Hakupiga kelele. Alimwaga yale maji, akasuuza karai, akaniambia kesho sokoni haendi, twende hospitali. Huko nilitema makohozi kwenye kichupa, nikaambiwa ningoje, na majibu yakatoka: TB, kifua kikuu. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema dawa ni za bure, zinaponya, na ni za miezi sita. Akaniuliza kama nina mtu wa kukaa akiniona nikimeza kila siku.

Sikusikia swali. Nilikuwa bado kwenye miezi sita. Ndugu zangu, tangu niache shule sikumbuki mahali nilipowahi kukaa miezi sita; pengine mara ya mwisho kutulia hivyo ni tumboni mwa mama yangu, na huko sikuulizwa. Nilimwambia daktari anipe dawa zote nitembee nazo. Akasema dawa haitembei, mgonjwa wa hivi akitembea ugonjwa unatembea naye, na unaporudi unarudi ukiwa umejifunza kupigana. Ndipo mama wa mkebe akasema kutoka nyuma yangu, "Mimi nitamwona akimeza."

Hivyo nikawa mkaazi wa nyumba za kaunti. Kundi la Jumamosi lilipopata habari lilikuja na patasi, kwa sababu kile chumba cha fagio kilikuwa na dirisha lililopakwa rangi juu ya rangi mpaka likagandamana na ukuta. Walilifungua, hewa ikaingia. Wakatoa fagio, wakaleta godoro. Kila asubuhi mama alishusha uji, akakaa kwenye kiti chake nje ya mlango, akaniangalia nikimeza vidonge. Mkojo wangu ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Mwanzoni nilidhani nakufa. Daktari akasema ni dawa, na mimi nikataka kujua inaingiaje mpaka kule, akanieleza mpaka foleni ikalalamika.

Baada ya wiki chache njaa ilirudi. Kisha usingizi. Mwezi wa pili ulipokwisha kifua kilikuwa kimya, na suruali haikuhitaji kamba. Nilianza kupanda ngazi mpaka juu kabisa nikiangalia mambo. Niligundua kwamba jengo moja lina mambo kama kaunti ndogo.

Sasa nifike pale palipoharibika. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana sijamlaumu mtu na sitaki mtu alaumiwe.

Kundi lilikuwa limepanga mkutano wa wazi katika uwanja wa mtaa, wenye spika na waimbaji. Walikuwa wamefagia pale muda mrefu, na watu waliwapenda kwa kufagia, lakini mkutanoni wangekuja? Yule ndugu kiongozi alikuwa na wasiwasi. Alikuja chumbani kwangu, akaketi kwenye ndoo, akasema nimebadilika, kila mtu aliyeniona kwenye ngazi siku ile anajua nilivyokuwa, na je, ningesimama kutoa ushuhuda? Mimi, ndugu zangu, sikuwahi kuombwa na mtu yeyote niseme kitu mbele ya watu. Huwa naombwa ninyamaze. Nikakubali kabla hajamaliza.

Siku hiyo watu walijaa. Wengine walikuwa chini, wengine madirishani. Nilisimama, nikaeleza ngazi, gunia la kabichi na karai lenye damu. Nilizungumza vizuri, hata mimi nilijishangaa. Halafu nikasema, "Nimepona." Akina mama wakapiga vigelegele. Ndugu kiongozi akachukua kipaza sauti akasema mnamwona huyu, ugonjwa haupo tena ndani yake, na watu wakapiga makofi mpaka madirisha ya juu. Hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia. Kifua hakikuniuma, nikasema nimepona. Yeye alinisikia nikisema, akarudia. Ulikuwa uongo usio na mwongo.

Kuanzia siku hiyo mtaa ulinipa jina Lazaro. Vijana walinisalimu hivyo kwa utani, "Lazaro, leo unaenda wapi, sokoni au kaburini?" nami nilicheka. Lakini fikirieni. Dawa zilikuwa zimebaki za miezi minne. Mtu aliyepona mbele ya spika ataonekanaje akipita njia ya kliniki ya kifua? Watasema kundi lilitudanganya. Watasema wale watu wa fagio wananunua mashahidi. Nilianza kuzunguka kwa njia ya nyuma nikienda kuchukua dawa.

Wiki hiyohiyo binti yake mama wa mkebe alijifungua kule Tigania, na mama akaenda kumsaidia. Kabla hajaondoka aliniachia ule mkebe ukiwa umejaa unga wa uji, na kazi ya kuniona nikimeza akamkabidhi yule ndugu kiongozi. Na ndugu kiongozi alikuja. Alikuja kila siku. Tulisalimiana, tukaongea habari za mtaa, tukaomba. Lakini kuniambia, "Lete dawa nikuone," hakusema. Baadaye alinieleza kwamba aliona ni kama angenivunjia heshima, kana kwamba haamini nilichosema mbele ya watu. Mimi nami niliona nikimeza mbele yake ni kama ninamwambia, mahubiri yako hayakuwa kweli. Basi tukaheshimiana. Kila mmoja alimlinda mwenzake aibu, na nilipobaki peke yangu nilijiambia kifua kisichouma hakina haraka, hivyo vidonge vikabaki kwenye mfuko wangu wa safari, vimefungwa kwa soksi.

Nawaambia, heshima inaweza kumuua mtu wa kwetu kuliko matusi. Kama mmoja wetu angekuwa na utovu kidogo wa adabu, ningepona mapema.

Kikohozi hakikuchelewa. Kilianza kidogo, kama mtu anayebisha hodi mlango anaoujua. Niliposikia jasho la usiku limerudi nilijua. Na nilifanya lile ninalolijua mimi: nikafunga mfuko. Nilifikiri nitafika Isiolo, au Nanyuki, mahali ambapo hakuna anayeniita Lazaro. Mtu akifa mahali asipojulikana, ushuhuda wake kule alikotoka unabaki mzima. Ndivyo nilivyowaza, na niliona ni wema.

Asubuhi nilipokuwa nashuka ngazi na mfuko begani, mama alikuwa anapanda. Alikuwa amerudi na gari la kwanza, na ndizi mkononi kutoka kwa binti yake. Tulikutana palepale nilipokaa siku ya mvua.

"Unaenda wapi?"

"Mbele," nikasema, na nikakohoa.

Nilidhani ataniuliza kuhusu kikohozi. Badala yake alinyoosha mkono.

"Mkebe wangu uko wapi?"

Ulikuwa umefungwa kando ya mfuko wangu. Unga ulikuwa umekwisha, nami niliuosha, nikasahau kuuacha. Niliufungua, nikampa. Akautikisa kama siku ile ya kwanza. Hakusema kwamba chombo hakirudi kitupu. Alingoja tu. Nikaanza kutafuta kitu cha kutia ndani, kwa sababu mtu uliyekunywa uji wake miezi miwili, utamwachaje na mkebe mtupu? Kwenye koti hamkuwa na kitu. Kwenye mfuko mlikuwa na shati, redio iliyokufa na soksi. Nikafungua soksi, nikatia vidonge vyote ndani ya mkebe.

Aliviangalia muda mrefu. Ganda moja moja la vidonge aliligeuza kuona kama kuna hata kidonge kimoja kilichotolewa. Kisha akaketi kwenye ngazi, akaniambia niketi.

"Hujanirudishia kitu changu," akasema. "Hivi ni vyako."

Nikamweleza. Nilisema kuhusu spika, Lazaro, njia ya nyuma, na aibu ya kundi. Alinisikiliza mpaka mwisho akimenya ndizi.

"Na nani alikuambia umepona?"

"Kifua hakikuwa kinauma."

"Maharagwe yakitoa maua wewe unavuna?"

Akanipa ndizi, akasema nile, tunaenda hospitali, na tutapita njia ya mbele.

Tulipita katikati ya uwanja. Vijana wakaita, "Lazaro!" na mama akawajibu kwamba Lazaro anaenda kuchukua dawa, kama kuna mwingine anayekohoa afuate. Hospitalini daktari hakunigombeza, ila aliniangalia kama fundi anayeangalia ukuta uliobomolewa na mwenye nyumba mwenyewe. Walipima makohozi tena, na tukangoja kujua kama ugonjwa ulikuwa umeizoea dawa. Huo ndio wakati nilioogopa kweli. Nilikaa kwenye benchi, mimi mtu wa maswali, na sikutaka kuuliza hata moja. Majibu yalipokuja yalisema dawa bado inafanya kazi. Nianze upya, toka mwanzo. Miezi yote sita.

Jioni ndugu kiongozi alikuja. Mama alikuwa ameshamweleza. Nilitayarisha maneno ya kuomba msamaha, lakini alinitangulia. Aliketi kwenye ile ndoo, akaangalia mabuti yake.

"Nilitaka matunda ya kuonyesha watu," akasema, "nikakuchuma ukiwa mbichi."

Jumamosi iliyofuata walikuja na fagio kama kawaida. Walipomaliza kufagia alisimama uwanjani, bila spika, akaita watu. Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko siku ya mkutano. Alisema, niliwaambia huyu ndugu amepona, na nilisema kabla ya wakati. Kisha nikasimama mimi. Nilikuwa na ushuhuda mfupi: "Niliwaambia nimepona. Sijapona. Niko kwenye dawa, na mkiniona nimefunga mfuko mniulize nimemeza." Hakuna aliyepiga makofi. Hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Mtu mmoja dirishani alifunga dirisha.

Tukadhani tumeharibu kila kitu. Lakini kabla kundi halijaondoka, mwanamke mmoja wa ghorofa ya juu alimvuta mama wa mkebe pembeni, akamuuliza kliniki hiyo inafunguliwa saa ngapi, kwa sababu mume wake alikuwa anakohoa na alikuwa ameficha. Wiki iliyofuata akaja mwingine. Ushuhuda wangu uliopigiwa makofi haukumpeleka mtu yeyote hospitali. Ule wa aibu ndio uliowapeleka.

Mama akabadilisha utaratibu. Hakukaa tena mlangoni kwangu. Kila asubuhi alitundika mkebe wa uji kwenye chuma cha ngazi, mahali kila anayepita anauona. Mimi nilikunywa, nikameza dawa, nikatia lile ganda tupu la vidonge ndani ya mkebe, nikautundika tena. Hicho ndicho kitu changu cha kurudisha. Siku moja nilichelewa kuamka, na watu wasiopungua watatu walibisha mlango wangu wakiuliza mbona mkebe bado umejaa. Mmoja wao alikuwa mzee Mwislamu wa ghorofa ya chini, anayesafirisha mizigo kwenda Maua, ambaye tangu siku hiyo alikuwa akiniletea mayai. Alisema dini zetu ni mbili lakini zote zinakubali mayai. Na wale vijana wa Lazaro ndio walikuwa wakali kuliko wote. "Wewe Lazaro, umeze, tusije tukakuzika mara ya pili."

Nilitamani kuondoka, siwadanganyi. Lori lolote likiunguruma sokoni miguu iliniwasha. Lakini ule mkebe ulinishinda. Ningeondokaje wakati kesho asubuhi utatundikwa pale, ujae, upoe, na mtu apande kubisha mlango wa chumba kisicho na mtu?

Nikamaliza. Walinipima, wakasema safi. Nilipomletea mama ganda la mwisho hakuniambia nitoe ushuhuda, na ndugu kiongozi naye hakuniambia. Alisema tu nitasema nikiwa tayari, popote nitakapokuwa. Nilikaa nao kidogo, nikafundishana na vijana kuzibua mitaro kwa ujuzi niliopata kwa wachimba visima. Kisha asubuhi moja ukungu ulipanda, na mama akaniona nikiutazama. Akaingia ndani, akatoka na ule mkebe, akaniambia ni wangu. Haukuwa mtupu. Alikuwa ametia unga wa wimbi na, juu yake, ganda la mwisho la dawa. Nikapitia Chuka, nikalala, nikapitia Runyenjes, na mvua ya Alhamisi ikanileta hapa Kanja.

Kwa hiyo leo ninyi ndio mnaopata ushuhuda wangu wa tatu, na wa kwanza kuutoa nikiwa nimemaliza. Namshukuru Mungu aliyenivumilia nikimpa sifa kabla ya wakati. Namshukuru mama ambaye hakunionea huruma ya bure, alinidai. Namshukuru ndugu aliyekubali kukosa makofi. Nawashukuru daktari na wauguzi, na mtaa mzima wa nyumba za kaunti, Wakristo na wasio Wakristo, waliokuwa wakichungulia ndani ya mkebe wangu kila wakipita.

Mmeniambia kwamba kikundi chenu kinataka kuanza kwenda kwenye zile nyumba za umma kule mjini. Mimi si mtu wa kuwafundisha, shule niliiacha kwa ajili ya kisima. Lakini mkienda, bebeni fagio. Na mkimpata mtu kama mimi, msimharakishe kusimama mbele za watu. Kuwa shahidi wa Mungu ni jambo kubwa. Kuwa shahidi wa mtu akimeza dawa yake kila asubuhi ni jambo dogo, na hilo dogo ndilo lililonifikisha hapa. Tena msimheshimu sana mpaka mkaogopa kumuuliza.

Nimalizie. Tangu niingie hapa Kanja nimesikia kikohozi ninachokijua. Sisemi nimekisikia nyumba gani wala njia gani, na msigeuze shingo. Kukohoa si kosa. Mwenye kifua anajua ni yeye. Kesho asubuhi nitakuwa nimekaa kando ya barabara ya kwenda kituo cha afya, na atakayetaka kufuatana nami sitamuuliza jina.

Mzee aliyenipokea hapa Kanja siku ile ya mvua alinionyesha chumba kilicho kando ya ghala la mahindi. Kina kitanda na dirisha linalofunguka, nililijaribu. Akaniuliza kama wote wanavyoniuliza, "Unakaa siku ngapi?" Nilifungua mdomo kusema mbili, tatu. Nikaangalia shamba lake, maharagwe yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Nikamwambia nitakaa mpaka yavunwe, na kama kuna atakayenihitaji, mpaka yapandwe na kuvunwa tena. Akasema sawa, na kwamba kuna msumari nyuma ya mlango wa kutundikia vitu vyangu. Nikamwomba nyundo. Nimeung'oa, nikaupigilia upande wa nje, na mkebe uko pale.